KINYESI CHA NDEGE JUU YA GARI: USIKIFUTE KIKIWA KIKAVU

Katika ukurasa huu wa afya, mara nyingi tumezungumza nanyi juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na maji salama. Safari hii tunawaletea jambo ambalo huenda baadhi yenu watalicheka. Hata sisi tulilicheka, mpaka tulipofika Vuga.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba. Tulitoka Tanga alfajiri, tukapita Muheza, Segera na Korogwe, tukaanza kupanda mlima pale Mombo, na kabla ya saa tano asubuhi tulikuwa tumekwisha kuipita Soni na maporomoko yake ya maji. Vuga ni mahali penye historia ndefu. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya watawala wa Washambaa, na hapo ndipo mmisionari Krapf alipomkuta Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, akiwa amefika kwa miguu. Sisi tulifika kwa pikapu ya buluu iliyokolea, iliyokuwa imetoka kupakwa rangi mpya mwezi mmoja tu kabla ya safari hiyo. Dereva wetu alikuwa akiifuta hata vumbi la kidole.

Tulikuwa tumeitwa kuzungumza na familia za jumuiya juu ya malezi ya watoto wachanga. Jua la mchana lilikuwa limechomoza kweli kweli baada ya ukungu wa asubuhi, basi dereva akatafuta kivuli kizuri kabisa, chini ya mgrivea mkubwa, akaegesha hapo, akafunga vioo na kuja kukaa nasi. Tuliporudi saa tisa alasiri, gari lilikuwa limenyunyiziwa kama ukuta unaopakwa chokaa na fundi asiyejua kazi. Juu ya boneti, juu ya paa, kwenye kioo cha mbele, hata kwenye kitasa cha mlango. Kindege kimoja cheusi na cheupe, kile chenye kutikisa mkia, kilikuwa bado kimekaa juu ya kioo cha pembeni kikigombana na sura yake chenyewe.

Dereva hakusema neno. Alichukua kitambaa kikavu chini ya kiti, akaanza kusugua kwa hasira. Ndipo mzee mmoja wa pale, aliyekuwa akitusindikiza, akamshika mkono.

"Acha kwanza, mwanangu," alisema. "Hicho kikavu hakisuguliwi. Kwanza utaikwaruza rangi. Pili utakivuta puani. Mjukuu wangu mimi nusura tumzike kwa kinyesi cha ndege."

Tuliacha kucheka hapo hapo. Tukakaa kwenye benchi tukamsikiliza.

KISA CHA MJUKUU

Mjukuu huyo ni kijana wa miaka ishirini na michache, fundi magari. Alikuwa ameuziwa kwa bei nafuu gari moja la zamani lililokuwa limelala bandani miaka mingi. Milango ya gari ilikuwa haifungi vizuri na vioo viwili vilikuwa vimevunjika. Njiwa walikuwa wamelifanya banda lile kuwa nyumba yao, na usiku popo nao waliingia. Kinyesi kilijaa juu ya boneti na juu ya viti mpaka unene wa vidole viwili, kikavu kama majivu.

Kijana alianza kazi asubuhi. Kwa sababu upepo ulikuwa ukimrudishia vumbi usoni, alifunga mlango wa banda. Akafagia, akakung'uta viti, akapiga mazulia kwa fimbo. Alitoka jioni akiwa mweupe nyusi na nywele, akaoga, akala, akalala kama mtu aliyefanya kazi ya halali.

Baada ya siku kumi hivi alishikwa na homa. Kichwa kilimuuma, kifua kilimbana, akawa na kikohozi kikavu na jasho jingi usiku. Zahanati walimpima malaria, hakuwa nayo. Akapewa dawa za vidonda vya kifua, akazimaliza, homa ikabaki. Wiki ya tatu alikuwa amepungua hata suruali zikamvuka. Akapelekwa hospitali. Makohozi yakapimwa, hayakuonyesha kifua kikuu. Picha ya kifua ikaonyesha madoa kwenye mapafu yote mawili. Watu wa nyumbani wakaanza kunong'ona, kama mnavyojua watu wanavyonong'ona kijana akikonda. Akapimwa virusi vya UKIMWI pia, hakuwa navyo.

Ndipo daktari mmoja alipokaa kando ya kitanda, akamwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Kabla ya kuugua, ulikuwa unafanya kazi gani?" Kijana akaeleza habari ya gari na njiwa, akishangaa kwa nini daktari anauliza mambo ya gereji. Daktari akabadilisha dawa. Polepole homa ikashuka. Leo kijana huyo yuko mzima na anaendelea na ufundi wake.

NI UGONJWA GANI HUU?

Daktari aliwaambia kuwa yaelekea ni histoplasmosisi. Jina ni refu lakini jambo lenyewe si gumu kulielewa. Ni ugonjwa unaoletwa na fangasi, ndugu wa ukungu ule unaouona kwenye mkate uliolala. Fangasi huyu huishi katika udongo, na hustawi sana mahali palipo na kinyesi kingi cha ndege au cha popo, kwa sababu humo hupata chakula chake. Ndege mwenyewe haugui. Mwili wake ni wa joto mno kwa fangasi huyo, kwani ndege wengi wana joto la kama nyuzi 41 au 42, wakati sisi tuna nyuzi 37. Popo, ambaye ni mnyama kama sisi, anaweza kuambukizwa.

Kinyesi kikikauka na kufagiliwa, mbegu za fangasi, ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, huruka pamoja na vumbi. Mtu akizivuta huingia mpaka ndani ya mapafu. Dalili huanza kati ya siku ya 3 na ya 17. Wengi wenye afya njema huugua kidogo tu kama mafua makali na kupona wenyewe bila hata kujua walichougua. Lakini aliyevuta vumbi jingi kwa mara moja, kama kijana wetu, anaweza kuugua vibaya, na mwenye kinga dhaifu anaweza kufa.

Huko Moshi watafiti waliwachunguza wagonjwa waliolazwa kwa homa, na mwaka 2012 wakachapisha kwamba 9 kati yao walikuwa na histoplasmosisi. Ni wachache, lakini ugonjwa upo katika mikoa yetu ya kaskazini. Tatizo ni kwamba unafanana mno na kifua kikuu: kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda, madoa kwenye picha. Mgonjwa anaweza kutumia dawa za kifua kikuu miezi bila kupata nafuu. Kwa hiyo tunawaomba: mkienda hospitali na kikohozi kisichokoma, msingoje kuulizwa. Mwambieni mganga kama mlifagia banda la kuku au la njiwa, kama mlipanda darini, au kama mliingia pango la popo. Neno hilo moja linaweza kufupisha safari ya wiki nyingi.

Kuna fangasi wa pili, kriptokoka, ambaye kinyesi kikavu cha njiwa ni moja ya makao yake makubwa. Huyu naye huingia kwa pumzi, na kwa watu wenye kinga nzuri mara nyingi hafanyi lolote. Lakini kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa, au ameziacha, anaweza kupanda mpaka kwenye utando wa ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Kwa makisio ya mwaka 2020, homa hii huua watu zaidi ya 100,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika kusini mwa Sahara, na karibu mtu mmoja katika kila watano wanaofariki kwa UKIMWI hufa kwa ugonjwa huu. Dalili yake kubwa ni kichwa kuuma siku nyingi mfululizo, kikizidi kila siku, pamoja na homa, kutapika, shingo kukakamaa, macho kuumizwa na mwanga, na mwishowe mtu kuchanganyikiwa. Hapo baadhi ya familia humpeleka mgonjwa kwa mganga wa kienyeji wakisema amerogwa. Tafadhali, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Matibabu yapo, na yamekuwa rahisi zaidi kuliko zamani: utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa dozi moja kubwa ya dawa ya mshipa pamoja na vidonge vya wiki mbili inafanya kazi sawa na ile ya zamani ya kuchomwa dawa siku nyingi.

Basi, je, tone moja juu ya boneti lina hatari yote hiyo? La, hasha. Hatutaki kumtisha mtu. Doa moja bichi, nje, kwenye upepo wa Usambara, hatari yake kwa mapafu ni ndogo sana. Hatari kubwa ipo penye mambo matatu kwa pamoja: kingi, kikavu, na mahali palipofungwa. Gari lililolala bandani, dari, stoo, banda la kuku, mnara wenye popo. Doa la gari lina hatari nyingine, ile ya mikono. Kinyesi cha ndege hubeba vijidudu vya kuharisha kama salmonela. Dereva anashika kitasa, anashika usukani, halafu anapokea andazi. Mtoto anachora kwa kidole kwenye vumbi la mlango, halafu kidole kinakwenda mdomoni. Hiyo ndiyo njia yake.

KWA NINI RANGI HUHARIBIKA

Dereva wetu alitaka kujua habari za rangi kuliko habari za mapafu, na kwa kuwa wasomaji wetu wengine ni madereva, tuseme machache.

Ndege hakojoi kama mnyama. Ana njia moja tu ya kutolea taka zote. Ile sehemu nyeusi au ya kijani ndiyo kinyesi, na ile nyeupe kama uji mzito ndiyo mkojo wake. Weupe huo ni asidi ya yuriki, ile ile ambayo ikizidi katika damu ya binadamu huleta ugonjwa wa gauti, unaowatesa wazee kwenye kidole gumba cha mguu. Haiyeyuki kwa urahisi katika maji baridi, ndiyo maana mvua ndogo haiondoi doa bali inalisambaza tu.

Asidi hiyo hula rangi, lakini wataalamu wa rangi za magari wanaeleza kuwa jua lina lawama kubwa vile vile. Mchana bati la gari hupata moto, na tabaka la juu la rangi hulainika na kutanuka. Jioni baridi ikiingia hunywea. Pale palipo na doa lililokauka na kushikamana, rangi hunywea kwa kulifuata doa, na kesho ukiliondoa unakuta alama imebaki kama kovu. Fikirini basi Vuga, ambako mchana jua ni kali na usiku unatafuta blanketi. Magari ya rangi nzito huumia zaidi kwa kuwa hushika joto zaidi. Tena ndani ya kinyesi kuna mbegu za matunda na chembe za mchanga, kwa kuwa ndege humeza changarawe ili zimsagie chakula. Ukisugua kikavu, unasugua kwa msasa.

JINSI YA KUKIONDOA

Mzee alituletea ndoo ya maji, na tukamwona akifanya kazi kama muuguzi anayefunga kidonda.

Alichukua kitambaa laini cha pamba, akakilowesha katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, akakibandika juu ya doa bila kusugua. Akaacha kama dakika kumi. Sabuni na joto husaidia kuilegeza ile sehemu nyeupe. Kisha akakiinua kitambaa taratibu, kikatoka na doa lote. Palipobaki akabandika tena sehemu safi ya kitambaa. Mwisho akamwagia maji safi na kukausha. Dodoki na wavu wa chuma vibaki kwenye masufuria, havina kazi juu ya gari. Mafuta ya taa na petroli huondoa doa na kung'arisha kwa muda, lakini huondoa na mng'aro wa rangi baadaye.

Msitumie dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Inababua rangi, na ikikutana na taka za namna hii, hasa zikiwa nyingi na mahali pamefungwa, inaweza kutoa hewa kali inayochoma macho na kifua. Maji na sabuni vinatosha.

Kioo cha mbele kisafisheni kwa mkono kwanza. Dereva anayewasha waipa juu ya kinyesi kikavu anajipaka upofu mwenyewe, na kwenye kona za barabara ya Soni kwenda Mombo sekunde tano za kutoona ni nyingi mno. Chini ya kioo hicho, mahali majani yanapokusanyika, ndipo gari linapovutia hewa ya ndani. Watu wengi hawapaangalii. Mkiwasha feni, hewa inayowapuliza usoni imepita hapo. Toeni majani na uchafu wa hapo baada ya kuulowesha.

Ukimaliza, osha mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni. Na kile kitambaa, akina mama, kisirudi jikoni. Tunasema hivi kwa kuwa tumekwisha kukiona kikirudi.

Kama ni gari lililokaa bandani, au ni dari au banda la njiwa, kazi ni nyingine. Fungueni milango na madirisha yote, siku moja kabla ikiwezekana. Nyunyizieni maji ya sabuni polepole, kwa kopo lenye matundu au bomba la bustani la mkono, mpaka kinyesi kilowe chote hadi chini. Msikipige kwa maji ya kasi, kwani maji ya kasi hurusha vumbi kabla ya kulilowesha. Ngojeni. Kisha kikwangueni kwa koleo kikiwa bado kimelowa, mkitie katika mfuko, mkifukie. Kikianza kukauka, nyunyizieni tena. Ufagio mkavu hauna nafasi hapa. Vaeni glavu, buti, na nguo zitakazofuliwa siku hiyo hiyo. Barakoa za kitambaa tulizozizoea wakati wa Korona mwaka 2020 hazizuii mbegu za fangasi vya kutosha. Zinazofaa ni zile nene za viwandani zinazobana uso pande zote. Usipoipata, kulowesha ndiyo kinga yako kubwa.

Nani asifanye kazi hiyo? Mtoto asiifanye, hata kama ni adhabu. Tunajua zipo nyumba ambako kufagia banda la kuku ni adhabu ya aliyechelewa kurudi. Asiifanye mwenye pumu, mjamzito, mgonjwa wa saratani aliye katika matibabu, wala mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake bado iko chini. Na hapa pana ugumu, kwa sababu si kila mtu amewaambia wa nyumbani hali yake. Kwa hiyo ndugu akisema, "Mimi hiyo kazi siiwezi," mwacheni, msimwulize sana.

BAHATI AU NUKSI?

Wakati tunangoja gari likauke, mama mmoja alituambia kuwa kuchafuliwa na ndege ni nuksi, na kwamba safari yetu ingefaa iahirishwe. Mwingine akasema amesikia Wazungu wakiita jambo hilo bahati njema. Sisi tulisema ni mgrivea. Ndege hutua anapopenda kutua: penye matunda, penye kivuli, penye waya wa umeme, penye kiota. Ukiona ardhi chini ya mti ina madoa meupe, jua kuwa juu kuna wapangaji, usiegeshe hapo. Dereva wetu hakutazama chini. Alitazama kivuli tu.

Turubai au shuka kuukuu husaidia, mradi gari liwe safi kabla ya kufunikwa, la sivyo upepo utalisuguza vumbi juu ya rangi. Kwa yule kindege wa kioo cha pembeni dawa ni rahisi: kifunikeni kioo kwa soksi au mfuko. Anapojiona humo hudhani ni dume mwingine aliyekuja kumnyang'anya makao, basi hushinda hapo akipigana, na anapopigana ndipo anapochafua mlango.

Wako waliopendekeza manati na sumu. Hapana. Katika misitu ya Usambara Magharibi kuna ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na sumu haichagui. Hata kuku wa jirani watakufa, na mtoto anaweza kuiokota. Kunguru weusi wa pwani ni habari nyingine. Hao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakaenea Tanga, Dar es Salaam na Mombasa hadi serikali zenyewe zikalazimika kuwashughulikia, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Lakini hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vibali. Si kazi ya kijana mwenye chupa ya dawa ya mimea.

Wala si kwamba kinyesi hicho ni laana tupu. Katika karne ya 19 nchi ya Peru ilijipatia fedha nyingi kwa kuwauzia Wazungu kinyesi cha ndege wa baharini kuwa mbolea. Kile kilichotolewa bandani kwa yule kijana kilifukiwa kwenye shimo la migomba, na mzee alituonyesha mkungu wake kwa fahari kidogo.

NA BATI LA NYUMBA?

Jambo moja lilitusumbua kuliko gari. Ndege waliokuwa juu ya gari letu ndio hao hao wanaoshinda juu ya mabati ya nyumba, na nyumba nyingi tulizoziona zimefungiwa michirizi inayopeleka maji ya mvua kwenye pipa au simtanki. Ni jambo jema sana, linawapunguzia akina mama kupanda mlima na ndoo kichwani. Lakini wakati wote wa kiangazi kinyesi kinakusanyika kwenye bati, na mvua ya kwanza ya vuli inakiosha chote na kukiingiza katika maji ya kunywa.

Hesabu yake ni nyepesi. Bati lenye mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita moja tu, linatoa lita 40 za maji, yaani ndoo mbili kubwa. Hizo za kwanza zisiingie pipani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ugeuzeni mchirizi pembeni maji yaende shambani, bati lioshwe kwanza, kisha rudisheni. Kateni matawi yanayoning'inia juu ya paa, maana hayo ndiyo viti vya ndege. Pipa liwe na mfuniko na wavu. Na maji ya kunywa yachemshwe hata kama yanaonekana safi kama machozi, hasa ya mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mama mmoja alituuliza kama ndiyo sababu watoto wake huharisha kila vuli inapoanza. Hatukuweza kumjibu kwa uhakika pale benchini, lakini tulimwomba ajaribu kuugeuza mchirizi msimu huo, na aende na mtoto zahanati endapo kuhara kutarudi.

Tulirudi Vuga mwezi wa Desemba kumalizia mafundisho yetu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Yule mama alitupokea mlangoni kabla hatujauliza, akatuonyesha kipande cha bomba alichokifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili kiweze kugeuka huku na huku. Fundi wake alikuwa yule yule mjukuu wa mzee. Watoto walikuwa nje wakicheka. Walikuwa wakiicheka pikapu yetu, iliyokuwa imeegeshwa katikati ya uwanja mtupu, mbali na kila mti, masikio yake mawili yamevishwa soksi za dereva.